Nyuzi Nne na Kidole Kimoja

Katika kwaya na bendi za Fizi na Baraka, kama ilivyo Kongo nzima tangu gitaa la umeme lilipopata makao katika muziki wa nchi hii, kila mpigaji ana daraja yake: yuko wa solo, ambaye jina lake hujulikana hata na watoto, yuko wa mi-solo, aliye kati ya solo na ridhimu, yuko wa ridhimu, na yuko wa besi, ambaye aghalabu husimama nyuma karibu na ngoma, hatazamwi sana wala hasifiwi sana, lakini akinyamaza kwa muda wa pumzi mbili tatu waimbaji hupotewa na sauti zao na miguu ya wachezaji hukosa pa kukanyaga. Ni kwa mtu huyo wa nyuma, na kwa ala yake yenye nyuzi nne nene, ninakotaka kumwelekeza msomaji. Maana nimekuja kuamini, kwa kusoma na kwa kusikiliza, kwamba katika ala zote za bendi hakuna iliyo karimu kuliko besi kwa mtu ambaye mwili wake umepungukiwa na kiungo, na kwamba katika nchi yetu hii ya ufuo wa Tanganyika, ambako vita, maradhi na ajali za machimbo zimewaacha watu na mguu mmoja, mkono mmoja au vidole visivyotimia, ukarimu huo wastahili kujulikana na kila mwalimu wa kwaya na kila mzazi.

Yafaa kwanza tuijue ala yenyewe. Besi ya umeme, kwa sura hii tuliyoizoea, ilianza kuuzwa mwaka 1951 na fundi Leo Fender wa California, ambaye alitaka kumwondolea mpigaji mashaka ya kusafiri na ile besi kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mtu, ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wangali wakiiona jukwaani. Fender aliifanya ilale kifuani kwa mkanda, akaipa nyuzi nne, na urefu wa uzi kutoka daraja hadi kichwa cha shingo akaufanya kiasi cha sentimita 86, hali gitaa la kawaida halizidi sana 65. Uzi ukiwa mrefu na mnene hutikisika taratibu. Ule wa chini kabisa wa besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya ule wa chini wa gitaa, na ndiyo sababu sauti yake twaisikia kwa kifua sawasawa na tunavyoisikia kwa sikio.

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko ya unene wa nyuzi ni tofauti ya kazi. Mpigaji wa ridhimu hulazimika kubana nyuzi nne, tano au sita kwa mara moja, na asiyekuwa na vidole vya kutosha hurudishwa mlangoni. Mpigaji wa besi hubana uzi mmoja, akauachilia, akabana mwingine, na heshima yake yote imo katika kujua ni sauti gani ipigwe, ipigwe lini, na inyamazishwe lini. Kwa hiyo analohitaji kwanza ni sikio lililonyoka na moyo usio na haraka, na hayo mawili hayakatwi na risasi wala hayapoozwi na homa. Sisemi kwamba ni ala nyepesi. Uzi mnene wataka nguvu kuubana, shingo ni ndefu, na chombo chenyewe, kikiwa cha mti mzito, hufika kilo nne na kuzidi. Nasema tu kwamba idadi ya vidole siyo sharti lake la kwanza.

Ushahidi wa neno hili ulitoka Detroit, Marekani, katika studio za kampuni ya Motown, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1950 alifanya kazi James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936. Mtu huyu hakuwa amepungukiwa na vidole. Lakini kwa mkono wake wa kulia alizoea kuchomoa nyuzi kwa kidole kimoja tu, kile cha shahada, hata wenzake wakakipa jina la kulabu. Kwa kidole hicho kimoja zilipigwa nyimbo zilizoenea ulimwengu mzima, na wapiga besi wa mataifa yote, wakiwamo wenye vidole kumi vizima na walimu wa kuwafundisha, wangali wakihangaika kuyafuata aliyoyafanya. Jamerson alifariki mwaka 1983. Mimi huona kwamba habari yake peke yake yatosha kumnyamazisha mtu yeyote amwambiaye kijana mwenye vidole pungufu kwamba muziki si mahali pake.

Sasa turudi Kongo. Katika maradhi yaliyowaondolea Wakongo matumizi ya miguu yao, la kwanza kutajwa ni polio. Virusi vyake huingia kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na katika watu 200 walioambukizwa huenda akapooza mmoja tu. Lakini huyo mmoja, maadam seli za fahamu katika uti wake wa mgongo zimekwisha kufa, harudishiwi kiungo chake na tabibu yeyote. Ugonjwa huu hushika miguu mara nyingi zaidi kuliko mikono, na mtoto aliyekulia juu ya magongo, au juu ya kile kibaiskeli cha magurudumu matatu kiendeshwacho kwa mikono, huwa na mabega, viganja na vidole vyenye nguvu ambayo mwenziwe aendaye kwa miguu hana. Msomaji aliyepata kuvuka mpaka kati ya Goma na Gisenyi amewaona watu hao wakivusha mizigo juu ya vibaiskeli vyao, na amejua kwamba mikono ile haikosi kazi. Mikono hiyo ikipewa gitaa, jambo la ajabu lingekuwa isiweze.

Iliweza, na kisa chake kilicho mashuhuri kilitokea Kinshasa. Huko, katika mitaa iliyo jirani na bustani ya wanyama, waliishi kwa miaka mingi wanamuziki waliopooza miguu kwa polio, wakiongozwa na Ricky Likabu, ambaye kwa heshima ya Kikongo huitwa Papa Ricky, pamoja na mwenziwe Coco Ngambali, mtunzi na mpiga gitaa. Bendi za wazima hazikuwa na nafasi kwao. Basi wakaunda yao wenyewe, wakaiita Staff Benda Bilili. Vyombo vyao vya usafiri, vibaiskeli vilivyochomelewa na mafundi wa mitaani, ndivyo vilivyokuwa viti vyao jukwaani. Na kwa muda mrefu watu wa hali yao mjini humo walipata riziki kwa biashara ya kuvuka mto Kongo kwenda Brazzaville, kwa kuwa feri iliwapunguzia malipo. Walifanya mazoezi katika viwanja vya bustani hiyo ya wanyama, na huko huko, chini ya anga, mtayarishaji wa Kibelgiji Vincent Kenis aliirekodi santuri yao ya kwanza, Très Très Fort, akivuta umeme kwa waya wa mita 100 kutoka kibanda cha vinywaji kilichoachwa bila mtu. Santuri ilitoka mwaka 2009. Mwaka huo huo wakatunukiwa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2010 filamu iliyosimulia maisha yao, iliyotengenezwa na Wafaransa Renaud Barret na Florent de La Tullaye, ilionyeshwa katika tamasha la Cannes.

Katika bendi hiyo alikuwamo kijana asiye na ulemavu, Roger Landu, aliyeokotwa mitaani akiwa mtoto na kulelewa na wazee hao kimuziki. Ala yake aliibuni mwenyewe, akaiita satonge: mkebe mtupu wa bati, kijiti kilichopindwa kikachomekwa katika mkebe huo, na uzi mmoja wa waya uliokazwa kati ya viwili hivyo. Kwa mkono mmoja huchomoa uzi, na kwa mkono wa pili hukipinda na kukilegeza kijiti, hivyo uzi ukikazwa sauti hupanda na ukilegezwa hushuka. Hakuna shingo ya kubana, hakuna vituo vya chuma vya kumwonyesha mpigaji mahali pa sauti, ni sikio lake tu limwambialo amefika. Satonge si besi, sauti yake ni ya juu na ya kukata. Lakini naieleza kwa urefu kwa sababu inaonyesha kwa macho kwamba kubana uzi juu ya ubao ni njia moja tu katika njia nyingi za kupata sauti, na kwamba fundi asiyejua kuwa jambo fulani haliwezekani huweza kulitenda kwa mkebe.

Bendi ile haikudumu. Mwaka 2013 ilifarakana, na Coco Ngambali pamoja na mwenziwe Theo Nzonza wakatoka wakaunda Mbongwana Star, ambayo mwaka 2015 ilitoa santuri From Kinshasa, santuri yenye besi nzito iliyokwaruzwa makusudi hata spika zikaonekana kama zinapasuka. Wasikilizaji wa Ulaya waliipenda kwa ugeni wake. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: humo wanamuziki hawa hawaombi kusikilizwa kwa sababu ya vibaiskeli vyao.

Mji huo huo wa Kinshasa ulitoa mfano mwingine, ambao haukukusudiwa kwa wenye ulemavu lakini wawahusu sana. Bendi ya Konono Nº 1, iliyoasisiwa na marehemu Mawangu Mingiedi, ilichukua likembe, ile ala ya ndimi za chuma juu ya kisanduku, ikaitia umeme kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya magari, na miongoni mwa likembe zake ikaweka moja kubwa ya besi. Likembe hupigwa kwa madole gumba. Hebu msomaji atafakari maana yake: besi ya bendi nzima, iliyochezesha watu Kinshasa na baadaye Ulaya na Marekani, imebebwa na madole gumba mawili. Mtu aliyenyang'anywa vidole vinane na panga au na moto angali ana vyote vihitajiwavyo.

Nje ya Afrika mifano ni mingi, nami nitachagua iliyo karibu na besi. Charlie Haden alizaliwa mwaka 1937 katika jimbo la Iowa, Marekani, katika jamaa ya waimbaji waliokuwa na kipindi chao redioni, naye aliimba humo tangu akiwa mtoto asiyetimia miaka mitatu. Alipokuwa na miaka 15 polio ilimshika, lakini kinyume cha kawaida yake haikushuka miguuni. Ilishika mishipa ya koo na uso, na sauti ya kuimba ikamtoka. Yule aliyekuwa mwimbaji akaigeukia besi kubwa ya kusimama, na mwaka 1959, katika santuri ya mwanajazi Ornette Coleman iitwayo The Shape of Jazz to Come, alipiga besi ambayo wajuzi wa jazi waliitambua mara moja kwa jinsi ilivyokuwa ikiimba: sauti chache, ndefu, zenye pumzi kati yake. Sitathubutu kudai kwamba uimbaji uliozibwa kooni ulihamia katika vidole vyake, maana hayo ni siri ya nafsi ya mtu; nitasema tu kwamba kila nimsikilizapo nasikia mtu anayeimba. Haden alifariki mwaka 2014, na katika miaka yake ya mwisho polio ile ya ujanani ilimrudia kwa udhaifu wa mwili, kama inavyowarudia wengi.

Jaco Pastorius, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa mpiga ngoma hata alipoumia kifundo cha mkono mchezoni akiwa na miaka 13, kikapasuliwa, na nguvu ya kupiga ngoma ikawa si ile tena. Baada ya muda akashika besi, na baadaye akawa na besi iliyong'olewa vituo vyote vya chuma shingoni, mianya ikazibwa na ubao ukapakwa gundi ngumu ya kung'aa, ili sauti ziteleze kutoka moja hadi nyingine kama za mwimbaji. Abraham Laboriel wa Meksiko, mmoja wa wapiga besi waliorekodi zaidi duniani, alipoteza ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akiwa mtoto mdogo.

Na yuko Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, ambaye si mpiga besi bali ni mpiga gitaa, lakini siwezi kumwacha, kwa kuwa alilolifanya laweza kufanywa kesho Baraka kwa gharama ya sabuni. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, katika siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya kati vya mkono wa kulia, na yeye ni mtu wa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio wa kubania nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, yule gwiji ambaye mkono wake wa kushoto uliungua motoni mwaka 1928, vidole viwili vikalemaa, naye akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Iommi aliposikia hayo alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vifuniko viwili vya vidole, akavichonga na kuvisugua hata vikamkaa, kisha akavibandika vipande vya ngozi ya koti kuukuu ili uzi usiteleze. Vidole vilivyofunikwa havikuhisi uzi tena, na nyuzi nene zilimwumiza. Basi akatafuta nyuzi nyembamba, na baada ya miaka michache akazilegeza chini ya kipimo cha kawaida, na besi ya mwenziwe Geezer Butler ikashuka pamoja naye. Hivyo sauti ile nzito ya bendi yao, Black Sabbath, ambayo maelfu ya bendi zimeiiga, ilikuzwa na haja ya kijana mmoja ya kupunguza maumivu.

Kwa kuwa makala haya yanasomwa na watu wenye kazi, afadhali nieleze sasa mambo yenyewe yafanywavyo. Tuseme yuko kijana wa Misisi, aliyepoteza mkono wa kulia katika machimbo ya dhahabu, na mkono wake wa kushoto ni mzima. Besi ya umeme haiulizi uzi umetikiswa na nini: sumaku iliyo chini ya nyuzi husikia mtikisiko tu. Kidole kikiupiga uzi kwa nguvu juu ya kituo cha chuma, mithili ya nyundo ndogo, kipande cha uzi kilicho kati ya kituo hicho na daraja hulia bila ya mkono wa pili kuhitajiwa. Kipande kilicho upande wa pili, kati ya kidole na kichwa cha shingo, nacho hulia kidogo na kuchafua sauti. Dawa yake ni kufunga utepe wa kitambaa au sponji pale mwanzo wa shingo, chini ya nyuzi na juu yake, unyamazishe. Nyuzi zishushwe zikaribie ubao, spika iongezwe sauti, na kijana awe na subira ya kuzoeza kila kidole kupiga kwa nguvu sawa. Zipo bendi Ulaya na Marekani ambazo wapigaji wenye mikono miwili huitumia njia hii kwa kupenda.

Akiwa ni mwingine, wa Mboko au Kazimia, ambaye mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kiwiko, mkono wa kulia uchomoe nyuzi kama desturi, na besi ilazwe juu ya mapaja au juu ya meza, uso wake ukielekea juu. Juu ya kigutu ifungwe bomba fupi la chuma au shingo ya chupa iliyosuguliwa isikate, kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na kwa bomba hilo aguse nyuzi bila kuzigandamiza. Wapigaji wa Hawaii walipiga gitaa hivyo tangu mwisho wa karne ya 19. Sharti ni moja: bomba likae juu ya mstari wa kituo barabara, lisipungue wala lisizidi, maana likipotoka kwa unene wa ukucha sauti huwa mbovu. Hapo ndipo sikio linapofanya kazi ya vidole.

Mwenye vidole dhaifu atafutiwe besi fupi, ya uzi wa sentimita 76, au nyuzi zilegezwe kwa kiasi ambacho kwaya yote itakubali kushuka nacho. Kwaya zenye wazee wa sauti nzito zitamshukuru. Aliyepooza miguu hana haja ya mabadiliko ila katika kukaa: mkanda wa begani humvuta mtu asiyeweza kukaza nyonga zake, basi besi ikae juu ya mapaja, na kipande cha mti kilichofungwa katika kibaiskeli kibebe uzito wa shingo. Hata asiyekuwa na mikono asikatiwe tamaa. Tony Melendez, mzaliwa wa Nikaragua asiye na mikono, alimpigia gitaa kwa miguu Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili huko Los Angeles mwaka 1987. Na kwa upande wa besi, miguu haikuwahi kuwa wageni, kwa maana katika vinanda vikubwa vya makanisa ya Ulaya sauti za chini zimepigwa kwa miguu kwa karne nyingi, na waumini wakaziimbia zaburi bila kuuliza ni kiungo gani kilichozitoa.

Katika jambo hili sisi wa Kongo tuna nafasi ambayo wenye maduka makubwa ya ala hawana. Besi ya kiwandani imepimwa kwa mwili mmoja, ule wa mtu mzima, mzima wa viungo, wa kulia. Anayepungukiwa hana budi kujilazimisha. Lakini katika Kongo vijana wengi wameanza muziki kwa gitaa la kuchongwa nyumbani, la ubao na dumu au kopo, lenye nyuzi za waya wa breki, na fundi achongaye gitaa kwa panga na tindo haoni uzito wa kufanya shingo iwe fupi, au iwe bapa, au igeuzwe kwa mtu wa kushoto, au kisanduku kiwe na mguu wa kusimamia sakafuni. Mchonga mitumbwi wa Ubwari humtazama mwenye mtumbwi na kazi itakayofanywa nao kabla hajaweka shoka mtini. Fundi wa ala naye amtazame mpigaji vivyo hivyo, akimpima mkono uliopo. Kisha mtu wa redio za sola aongeze sumaku na waya, na kwaya imepata besi.

Vikwazo vilivyobaki si vya vidole. Kuna kikwazo cha ngazi: jukwaa la kanisa limeinuliwa vidato vitatu, na kibaiskeli hakipandi. Kuna cha njia, kwa maana mwenye magongo akaaye mbali na barabara ya Uvira, Baraka na Fizi hafiki mazoezini wakati wa masika. Na kuna kile ambacho nakiona kibaya kuliko vyote, cha wazazi wanaomficha mtoto nyumbani kwa aibu, na cha viongozi wanaomwita siku ya sherehe aonekane, kisha wasimwite siku ya mazoezi. Sheria imekwisha kusema: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imezifafanua haki zake. Mjini Bukavu kituo cha Heri Kwetu huwahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Mambo hayo yote ni mema, lakini hakuna sheria iwezayo kumfundisha mtoto tofauti kati ya pigo la kwanza na la tatu. Hilo ni la mwalimu.

Sipendi kuliacha neno la chanjo, maana wazee wa Staff Benda Bilili wenyewe hawakuliacha: katika santuri yao ya kwanza umo wimbo uitwao Polio, unaowasihi wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa. Polio ya asili ilionekana Kongo kwa mara ya mwisho mwaka 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa imeepukana nayo. Lakini aina ya virusi itokanayo na chanjo yenyewe, ambayo huenea pale watoto wengi wanapoachwa bila kuchanjwa, ingali ikipooza watoto nchini mwetu. Kumpenda mwanamuziki aliyepooza hakupingani na kumkinga mtoto asipooze. Watu wale walilijua hilo kuliko sisi, nao waliliimba wakiwa wamekaa juu ya vibaiskeli vyao.

Basi, ewe mwalimu wa kwaya, uwe Baraka, Fizi, Lusenda au ng'ambo ya ziwa huko Nyarugusu ambako ndugu zetu wamejenga kwaya zao kambini tangu mwaka 1996: unapochagua wapigaji wapya, mwite na yule anayekaa karibu na mlango kwa sababu hawezi kupanda vidato. Shusha vyombo vije sakafuni alipo. Mpe besi, mpe miezi sita, na katika miezi hiyo usimsifu kwa huruma. Akikosea wakati msahihishe mbele ya wenziwe kama umsahihishavyo mpigaji mwingine yeyote, kisha mwambie arudie tangu mwanzo.